Msiba ulitangazwa kwenye grupu, dada wa marehemu akausikia dukani

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Uyole, Mbeya, nauza viazi na njegere Mwanjelwa. Kwetu ni Makete. Mwezi uliopita mjomba wetu alifariki hospitalini hapa mjini, saa tatu usiku. Kijana wake akaandika kwenye grupu la ukoo, na watu tisini na kitu tukajaza pole na picha za mishumaa. Michango ilianza usiku uleule. Mama mkubwa, dada yake wa tumbo moja, yuko kijijini na ana kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Alipata habari kesho yake saa sita mchana, dukani, kwa mtoto wa jirani. Mazishini alikuwepo, akaondoka bila kuaga, na mpaka leo hapokei simu ya yeyote kati yetu. Vijana wanasema, 'Sisi tulitangaza.' Nyumbani nako mwanangu wa miaka 17 nikimsemesha ananijibu 'nakusikiliza mama' na macho yako kwenye kioo. Je, hizi simu janja zimetuondolea adabu? Tulivunje hili grupu?"

Marahaba, dada yangu, na poleni sana na msiba. Swali lako nimelisoma mara tatu. Nimefundisha mawasiliano Iringa kwa miaka mingi, lakini hili limenigusa zaidi kama mtu wa Rungwe aliyezika wengi.

Nianze na lile la mwisho ili usikae roho juu: grupu msilivunje. Mkilivunja leo, kesho vijana watafungua jingine na ninyi wakubwa hamtakuwamo. Lakini mama mkubwa naye hajakosea hata kidogo. Na hao wanaosema "tulitangaza" wanasema kweli. Tatizo ni kwamba kutangaza ni jambo moja, na kumwambia mtu ni jambo jingine kabisa.

Nilikua Rungwe miaka ya 1970. Mtu akifa usiku, kabla jogoo hajawika vijana wawili walikuwa wameshashika njia. Walitumwa wawili kwa sababu njia ni ya giza na habari yenyewe ni nzito. Wakifika hawakusemea mlangoni. Walipiga hodi, wakakaribishwa, wakakaa, wakaletewa maji. Mwenye nyumba aliwasalimia, "Ughonile," nao wakaitikia kama ilivyo ada, kana kwamba hakuna kitu. Lakini mwenye nyumba alishajua. Vijana wawili wenye matope hadi magotini, alfajiri, hawajaja kusalimia. Zile dakika za kunywa maji zilikuwa zinamwandaa, na neno lenyewe lilipotoka lilimkuta ameshakaa chini.

Kwa walio mbali kulikuwa na telegramu, na kulikuwa na Radio Tanzania na matangazo yake ya vifo. Wakati huo ukifika nyumba nzima ilinyamaza, hata watoto tuliokuwa tunacheza nje tuliambiwa tunyamaze. Mtangazaji alitaja jina la marehemu, akataja alikofia, kisha akaendelea: habari ziwafikie fulani wa Tunduma, fulani wa Mafinga, fulani wa Dar es Salaam. Nataka ulishike hilo neno, "ziwafikie". Lilikuwa tangazo la nchi nzima na bado lilikuwa na majina ya watu. Kama fulani wa Mafinga hakuwa na redio, jirani aliyesikia jina lake aliacha chakula mezani akamkimbilia, maana jina lile lilikuwa limempa kazi.

Grupu lenu liliwafikia watu tisini na kitu usiku mmoja bila kumtaja hata mmoja. Kila mtu aliona wenzake wameshaona. Kila mtu akadhani yupo wa karibu zaidi atakayempigia mama mkubwa. Wewe ulidhani watoto wa marehemu watapiga, watoto wakadhani ninyi wakubwa mtapiga, na aliyeko Dar es Salaam akadhani aliyeko Makete ameshavuka ua kwenda kumwambia. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walilionyesha jambo hili kwa majaribio mwaka 1968: wanaoshuhudia tukio wakiwa wengi, kila mmoja wao huchelewa zaidi kuchukua hatua kuliko angekuwa peke yake. Grupu la watu tisini ni mashuhuda tisini. Hakuna aliyemnyima mama habari. Habari ilikosa mtu wa kuibeba.

Zamani habari, pesa na mtu mwenyewe vilisafiri pamoja. Aliyeleta habari alikuwa amekuja kwa miguu yake. Aliyeleta mchango alikuja na debe la mahindi au mkungu wa ndizi kichwani, akaketi na wafiwa, akalala matanga. Simu imevitenganisha hivi vitu vitatu. Habari inafika kwa sekunde. Pesa, tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 na mitandao mingine ikafuata, inafika kwa dakika. Mtu ndiye bado anapanda basi la Makete, kwa Isyonje na Kikondo, na mvua za milimani zikishika anachelewa vilevile alivyochelewa baba yake. Kwa hiyo habari na pesa vimemwacha mtu nyuma. Na wengi wetu, bila kukaa kikao chochote, tumeanza kuhesabu kwamba habari ikishafika na pesa ikishafika, basi na sisi tumefika.

Mama mkubwa hahesabu hivyo. Kwake yeye asiyekuja hakuja, na asiyemwambia hakumwambia.

Sisemi pesa ya simu ni kitu kidogo. Nimeona familia za Kyela na Ileje zikikopa kwa riba, au zikiuza ng'ombe kwa bei ya kutupa, ili tu wapate gari la kusafirisha mwili. Leo jeneza, mafuta ya gari na sukari ya chai ya waombolezaji vinalipwa kabla hakujakucha, kwa elfu tano tano za watu waliotawanyika kutoka Tunduma hadi Mwanza. Hiyo ni rehema, na nisingependa mtu yeyote aturudishe nyuma. Ninachosema ni kwamba muamala hauwezi kukaa kwenye mkeka.

Sasa hili la adabu. Watu wa rika letu wengi wanaamini simu janja ndiyo iliyofupisha salamu. Mimi sikubali. Kumbuka barua zetu: "Ni matumaini yangu kuwa hujambo na unaendelea vyema na shughuli zako za kila siku. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Nusu ukurasa ulikwisha kabla hatujafika kwenye dhumuni la barua. Tuliweza kuandika hivyo kwa sababu karatasi na stempu vilikuwa bei ileile, uandike mistari mitano au thelathini.

Kisha zikaja simu za mkononi za kwanza. Ujumbe mmoja uliwekewa mwisho wa herufi 160, kipimo kilichopangwa na mafundi wa Ulaya miaka ya 1980 bila kuufikiria urefu wa maneno ya Kiswahili. Sentensi "Ninatumaini hamjambo nyote" peke yake inakula nafasi 26. Vijana wakaanza kukata: mtu akawa m2, kitu kikawa ki2, sasa ikawa xaxa, sijui ikawa cjui. Kupiga nako kulikuwa ghali, tukabipu. Bipu moja nimefika salama, bipu mbili nipigie wewe. Wewe na mimi tulifanya hivyo, dada yangu, tukiwa watu wazima wenye heshima zetu. Salamu ilifupishwa na vocha, miaka mingi kabla kioo cha kupangusa hakijafika Mwanjelwa.

Simu janja kwa upande huo imeturudishia nafasi. WhatsApp ilianza mwaka 2009, na mwaka 2013 ikaongeza ujumbe wa sauti. Huku kwetu milimani huo ujumbe wa sauti umefanya jambo ambalo sidhani waliouunda walilitegemea. Kinyakyusa, Kikinga, Kibena, Kihehe ni lugha ambazo wengi wetu tunazisema vizuri lakini hatukufundishwa kuziandika. Tulipokuwa tunatumiana maandishi ilibidi tuandikiane Kiswahili, hata mtu na mama yake mzazi. Sasa mzee wa Tukuyu anabonyeza kile kipaza sauti, anaongea dakika nne kwa Kinyakyusa, anasalimia nyumba nzima kwa majina, anakohoa, anamfukuza kuku, anaendelea. Mjukuu wake aliyezaliwa Dar es Salaam anasikiliza lugha ambayo asingeisikia popote kwenye mtaa wake. Ukipanda daladala ya Uyole jioni utazisikia hizo sauti kwenye kila kiti.

Kitu kimoja hakikurudi. Salamu yetu ni ya kupokezana. "Shikamoo." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." "Watoto?" "Wazima." "Na huko shambani?" Kila jibu linafungua mlango wa swali linalofuata, na mtu mwenye shida hupata pa kuitolea. Kule Iringa "kamwene" moja inaweza kuzaa dakika tano za namna hiyo. Kwenye ujumbe huo mnyororo unakatika, kwa sababu shikamoo inatumwa saa mbili asubuhi na marahaba inarudi saa nane mchana. Ndiyo maana kijana anaandika kila kitu kwa mkupuo: "Shikamoo mama naomba elfu kumi na tano ya mahafali." Hana kiburi. Anajua akisubiri kuitikiwa kwanza, siku ya kulipa itapita. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, mpigie, anza na marahaba, muulize amekula nini. Mtoto aliyeulizwa hivyo mara kumi, mara ya kumi na moja hupiga mwenyewe.

Nirudi kwenye msiba, maana vijana watakuambia pia kwamba "tiki zilionyesha". Watu wengi wanagombana kwa sababu ya alama hizi bila kujua zinasema nini. Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwenye simu ya pili. Huenda imezimwa, haina chaji au haina bando. Tiki mbili za kijivu, umefika kwenye simu. Zikiwa za bluu, mazungumzo yamefunguliwa, na hilo halina maana kwamba mtu amesoma na kuelewa. Kwenye grupu ni tofauti tena: tiki haziwi za bluu mpaka wote waliomo wawe wamefungua. Na hata mtu akizima hizo za bluu kwenye mipangilio yake, ndani ya grupu zinaendelea kufanya kazi, na ujumbe wa sauti nao unaonyesha kwamba umesikilizwa. Kwa hiyo asiyejibu huenda hajaona, na aliyeona huenda alikuwa anavuka barabara pale Kabwe. Lakini kitochi cha mama mkubwa hakimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Hana tiki ya rangi yoyote. Kwa grupu lenu, yeye hayupo.

Hapo ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko zote katika haya mabadiliko, na nisingetaka uipite haraka. Kila ukoo una utaratibu wa nani aambiwe kwanza. Wakubwa kabla ya wadogo, ndugu wa tumbo moja kabla ya binamu, waliozaa kabla ya waliozaliwa. Grupu limeugeuza utaratibu huo chini juu. Wa kwanza kujua ni mwenye bando na chaji, yaani kijana wa mjini. Wa mwisho ni bibi wa kijijini, ambaye kwa mila ndiye aliyepaswa kuambiwa kwanza na kwa sauti ya chini. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Imekuwa tu, kwa kufuata waya.

Na mimi limenipata. Mwaka 2019 nilikuwa kwenye foleni ya benki Iringa, mtu wa nne kutoka dirishani. Nikatoa simu nipitishe muda, nikafungua stetasi za watu. Ya kwanza ilikuwa watoto wa sherehe fulani, ya pili tangazo la mitumba, ya tatu mshumaa unaowaka kwenye giza, na chini yake picha ya baba yangu mdogo akiwa amevaa koti lake la kanisani. Niliitazama ile picha kwanza kwa furaha, maana nilikuwa sijaliona lile koti siku nyingi. Furaha ile haikufika hata sekunde tatu. Nikasogea mbele na foleni kwa sababu aliyekuwa nyuma yangu alinigusa bega. Nilichukua pesa, nikasaini, nikatoka nje, ndipo magoti yakaniishia. Mpaka leo nikikumbuka msiba ule sikumbuki mazishi kwanza, nakumbuka lile koti. Binamu yangu aliyeweka picha hakuwa na ubaya wowote, alikuwa analia kwa njia anayoijua. Lakini mimi nilistahili kupewa maji kwanza.

Basi fanyeni hivi. Chagueni katika ukoo watu wawili, mmoja wa mjini na mmoja wa kijijini, ambao kazi yao ni kubeba habari nzito. Muwape orodha ya wazee wote wasio na simu janja, iandikwe kwenye karatasi, na pembeni ya kila jina iwepo namba ya mtu anayeishi hatua chache kutoka kwake: jirani, mwenyekiti wa kitongoji, mchungaji au katekista. Ikitokea habari, mfiwa anampigia mbeba habari mmoja tu. Huyo anawapigia majirani, na jirani anakwenda kwa mzee, anaingia ndani, anaketi naye. Msimpigie bibi wa miaka 70 usiku akiwa peke yake na kumtamkia kifo sikioni. Wazee wakishajua, mbeba habari anaandika kwenye grupu, na ujumbe wake unataja majina: mama mkubwa wa Makete ameshaambiwa, babu wa Chimala ameshaambiwa, bado shangazi wa Mbozi. Na grupu likubaliane kuwa hakuna picha wala mshumaa kwenye stetasi kabla ya ujumbe huo. Ukipiga hesabu, shughuli yote inachukua saa moja au mbili. Mchango hauharibiki kwa saa mbili.

Utaratibu huohuo uwe wa ajali. Kila lori au basi linapopata matatizo Kitonga au kwenye mteremko wa Mbalizi, picha zinatembea kabla majeruhi hawajafika hospitali, na kuna mama anayemtambua mwanawe kwa shati. Picha kama hiyo ikikufikia, iishie kwako.

Jambo la wezi nitalitaja kwa kifupi kwa sababu linaingilia mlango huohuo. Grupu la msiba ni mahali pazuri pa mtu kuandika "namba ya rambirambi imebadilika, tuma hii". Anaweza hata kutumia akaunti ya ndugu yenu halisi aliyeibiwa, kwa sababu mtu akitoa zile namba sita za uthibitisho zinazokuja kwa ujumbe, ametoa akaunti yake. Namba ya michango ikibadilika, mpigie mhazini umsikie sauti yake kabla hujatuma chochote. Ujumbe wa kitapeli, wa aina ya "ile hela tuma kwenye namba hii", upelekeni 15040. Na kwa *106# kila mtu anaweza kuona laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Sasa mwanao. Hili nimeliacha nyuma, lakini silioni dogo.

Umesema macho yake yako kwenye kioo. Fikiri kidogo: sisi tulipokuwa tunasemeshwa na wazazi, macho yetu yalikuwa wapi? Chini. Mtoto aliyemkazia mzazi macho alionekana hana adabu. Kwa hiyo macho peke yake sidhani ndiyo yanayokuuma. Kinachokuuma, nadhani, ni kwamba huisikii ile sauti. Tunapozungumza Kiswahili msikilizaji hakai kimya. Anatia "ehe", "naam", "mmh", "kumbe", "ikawaje?" Msimulizi anategemea hizo sauti kama mtu anayepanda ngazi anavyotegemea vipandio. Mtoto aliyezama kwenye simu anazikata zote, anakuachia "nakusikiliza" moja mwanzoni, na wewe unabaki unaongea peke yako jikoni. Pengine maneno yako ameyasikia yote. Ila hakukusindikiza.

Kwa nini hawezi kuiacha? Si utovu wa nidhamu peke yake. Hizo programu zimetengenezwa zisiwe na mwisho. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kadiri unavyoupangusa, na baadaye amesema hadharani kwamba anajutia alichokianzisha. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, hata hadithi ya bibi ilikuwa na mwisho tukapelekwa kulala. Hiki hakina. Halafu kitu kizuri hakiji kila mara. Video tisa za kawaida, ya kumi inachekesha sana. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha katika karne iliyopita, kwa njiwa, kwamba zawadi inayokuja bila mpangilio humfanya kiumbe adonoe bila kuchoka kuliko zawadi ya uhakika. Ongeza na bando la siku linaloisha muda wake hata kama hujalimaliza, na kijana anayeona akiweka simu chini ni kama anamwaga maziwa. Anayeshindana na vyote hivyo ana miaka 17.

Kwa hiyo usianze kwa kumnyang'anya. Ukitaka kumwambia jambo, mwite kwa jina, kisha nyamaza. Usiseme jambo lenyewe mpaka aseme "naam" na mkono wake ushuke. Itachukua sekunde kumi, wakati mwingine ishirini, na zitakuwa ndefu kweli kweli kwa mama aliyeshinda sokoni, lakini zisubiri. Simu zote, na yako ikiwemo, zichajiwe usiku sebuleni na si kitandani. Wakati wa kula zikae juu ya kabati. Nimesema na yako kwa makusudi. Nimepita sana Mwanjelwa nikawaona mama zangu na dada zangu: mteja anauliza bei ya debe la viazi, muuzaji anajibu bila kuinua uso kwa sababu anamsikiliza dereva wa lori kwenye sauti. Ni kazi, najua, na hiyo simu ndiyo iliyokuambia bei ya Dar es Salaam kabla dalali hajakudanganya. Lakini mtoto haoni tofauti kati ya biashara na mchezo. Anaona kioo tu, na anajifunza.

Mwisho ni mama mkubwa. Acheni kumpigia. Kila simu asiyoipokea inaongeza jiwe. Na msimtumie pesa kwanza, ataisoma kama malipo. Nendeni Makete watu wazima wawili au watatu, ninyi wa rika la kati mliokuwamo kwenye lile grupu na hamkumpigia. Yule kijana wa marehemu msimtangulize kama mkosaji. Saa tatu usiku alikuwa amesimama nje ya wodi, amepoteza baba, na kile alichoweza kufanya kwa mikono inayotetemeka ni kuandika mistari miwili. Wa kuibeba habari kutoka pale mlikuwa ninyi tisini. Mwambieni mama hivyo hivyo, kwa Kikinga. Bebeni sukari, sabuni na kitenge. Mkifika pigeni hodi, mkae, mnywe maji, na mumwache aseme yote hata kama ni jioni nzima. Mwombeni awasimulie mdogo wake alivyokuwa mtoto. Laleni hukohuko, msikimbilie basi la asubuhi.

Kabla hamjaondoka kiombe hicho kitochi chake. Huenda utakikuta kinaning'inia kwenye msumari karibu na dirisha, kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika. Vingi vya hivyo vina nafasi ya kuwekea mtu namba kwenye kitufe kimoja: iweke yako kwenye 2, na ya jirani yake kwenye 3. Mwonyeshe kubonyeza 2 bila kuachia mpaka ikuite. Toka nje ya nyumba, simama kwenye ua, mwambie ajaribu, na ikiita pokea, anza na shikamoo, umwulize habari za tangu asubuhi ingawa umeamka naye nyumba moja. Ukirudi Uyole mrushie vocha ya elfu moja kila Jumapili, ili siku akitaka kusema awe na salio la kusemea.